Yuko kwenye Picha, Hayupo kwenye Hesabu

Septemba 1810, katika nyumba namba 225 mtaa wa Piccadilly jijini London, kiingilio kilikuwa shilingi mbili. Ukishalipa, uliingia kumtazama Saartjie Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi aliyetolewa Afrika Kusini, akiwa amevalishwa vazi la kubana lenye rangi ya ngozi yake ili makalio yake yaonekane vizuri. Novemba mwaka huohuo wapinga utumwa wakafungua shauri wakitaka aachiwe. Baartman akahojiwa kwa Kiholanzi kwa takriban saa tatu, akasema yuko pale kwa hiari yake na kwamba ameahidiwa nusu ya faida. Shauri likaishia hapo. Alifariki Paris mwishoni mwa 1815, hana kitu. Wanasayansi wakampasua, na mifupa yake ikawekwa makumbusho, ikatazamwa na umma wa Ufaransa hadi miaka ya 1970. Afrika Kusini ilimzika tarehe 9 Agosti 2002.

Wanawake weusi wanaoandika kuhusu video za muziki humrudia Baartman mara kwa mara, wengi wakizungumzia umbo lake na macho yaliyomkodolea. Mimi linalonishika zaidi ni hesabu yake. Pale Piccadilly kulikuwa na kiingilio, wenye onyesho, watazamaji, na ahadi ya nusu ya faida. Aliyetazamwa akafa maskini. Zaidi ya miaka 200 imepita, na mjadala wetu Afrika Mashariki kuhusu mwanamke kwenye video za muziki bado umeng'ang'ania urefu wa sketi. Nguo tumezipima vya kutosha. Tupime fedha: zinatoka wapi, zinaishia kwa nani, na mambo yakiharibika nani anakamatwa.

Kiingilio cha siku hizi hakikatiwi tiketi, lakini kipo. Anayetazama video kwenye simu ananunua bando, na hiyo ni fedha ya kampuni ya simu. Kabla wimbo haujaanza anaonyeshwa tangazo, na hiyo ni fedha ya YouTube na mwenye chaneli. Kwa utaratibu wa kawaida wa YouTube, mapato ya matangazo kwenye video ndefu hugawanywa hivi: asilimia 55 kwa mwenye chaneli, asilimia 45 kwa kampuni. Lebo kubwa zina mapatano yake, ila mgawanyo ni wa aina hiyohiyo. Juni 2020 Diamond Platnumz alikuwa msanii wa kwanza Afrika kusini mwa Sahara kufikisha watazamo bilioni moja kwenye chaneli yake. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Yaani watazamo hao ni sawa na kila Mtanzania, kuanzia mtoto wa jana hadi bibi wa miaka 90, kufungua video zake mara 16.

Sasa mtafute kwenye mgawanyo huo binti aliyecheza mbele ya kamera. Asilimia 55 ikifika kwenye chaneli hugawiwa kwa msanii, lebo, meneja, prodyuza na mtunzi, kila mmoja kwa mkataba wake. Video queen, kama anavyoitwa, hayumo. Yeye alimalizana nao siku ya kushuti, mara nyingi kwa fedha ya mkononi au kwa kutumiwa kwenye simu. Video ikitazamwa mara 10,000 au mara milioni 100, chake ni kilekile. Piga hesabu uone: video ikitoka watazamo milioni moja kwenda milioni 100, malipo yake kwa kila mtazamo yanashuka kwa asilimia 99. Wimbo unavyozidi kupendwa, ndivyo kazi yake inavyozidi kuwa ya bure.

Na malipo yenyewe yana makato yasiyoandikwa popote. Ameambiwa afike lokesheni saa moja asubuhi. Wigi, kucha, kope na viatu ni vyake, kavinunua au kaviazima. Mhusika mkuu anafika saa nane mchana. Sini ya kwanza ni ya gari, ya pili ni ya sebuleni, na ya tatu, ambayo hakuna aliyemwambia, ni ya bwawa la kuogelea saa nne usiku na bikini iko tayari kwenye mfuko wa nailoni. Kukataa sasa ni kukwamisha watu 30 waliokwishachoka, na kesho kutwa jina lako linasambaa kwamba unasumbua. Anakubali. Mapatano yake yote na waliomwita ni ujumbe mfupi wa WhatsApp: njoo na nguo mbili za kutokea, malipo baada ya kazi. Usafiri wa kurudi usiku anajilipia mwenyewe.

Mtu asidhani hili ni tatizo la nchi maskini peke yake. MTV ilianza kurusha matangazo tarehe 1 Agosti 1981. Katika miaka iliyofuata kampuni za Marekani zilimwaga fedha kwenye video kama zinavyomwagwa kwenye filamu: "Express Yourself" ya Madonna, 1989, iligharimu takriban dola milioni 5, na "Scream" ya Michael na Janet Jackson, 1995, ikafika dola milioni 7. Lakini makubaliano ya kwanza kati ya chama cha waigizaji na watangazaji, SAG-AFTRA, na kampuni kubwa za rekodi kuhusu malipo ya chini, mapumziko na bima za wachezaji wa video za muziki yalipatikana mwaka 2012. Ni miaka 31 tangu MTV izaliwe. Kwa miaka 31 tasnia iliyoweza kulipia mamilioni ya dola kwa dakika tano za picha haikuwa na kiwango cha chini kilichokubaliwa kwa mchezaji.

Mwaka huohuo wa 2012, mataifa yalikutana Beijing na kupitisha mkataba wa kimataifa unaotambua haki za watu wanaoigiza, kuimba na kucheza kwenye kazi za picha na sauti, ukiwemo ujira wa kazi hizo kutumika tena na tena. Ulianza kufanya kazi tarehe 28 Aprili 2020. Una mwanya mmoja mkubwa: nchi inaruhusiwa kuweka sheria kwamba mchezaji akishakubali kurekodiwa, haki zake zinahamia kwa mtayarishaji. Kwa mtu asiye na mkataba wa maandishi, mwanya huo unatosha kupitisha haki zake zote.

Tukiacha fedha tukaangalia kilichopigwa picha, tafiti za kuhesabu zilianza mapema. Mwaka 1986 Sherman na Dominick walichambua video 166 za muziki na kukuta zaidi ya robo tatu zina picha za mapenzi, huku zaidi ya nusu zikiwa na vurugu, na zenye vurugu nyingi zikiwa na mapenzi pia. Miaka sita baadaye Steven Seidman alichapisha uchambuzi wa video 182 za MTV: asilimia 37 ya wanawake walivaa nguo za kuacha mwili wazi, wanaume asilimia 4. Mwanamke alivuliwa mara tisa zaidi ya mwanamume aliyesimama naye kwenye video hizohizo.

Angalia tarehe. Kipindi cha MTV cha muziki wa rap kilianza 1988. Video alizozichambua Seidman zilirushwa 1987, wakati chaneli ile ilitawaliwa na wanamuziki wazungu wa rock na pop. Kwa hiyo anayesema udhalilishaji huu umeletwa na hip hop, au na Bongo Fleva, au na vijana wa leo kukosa malezi, amekosea kalenda. Namna hii ya kumpiga picha mwanamke ilikuwa imekamilika kabla vijana wa Kinondoni hawajashika kamera. Walichofanya wao ni kuipokea ilivyo.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema video zinaharibu tabia, na utafiti unaotajwa sana ni wa mwaka 2003 uliowafuatilia wasichana 522 Wamarekani weusi wa miaka 14 hadi 18 kwa miezi 12. Waliotazama sana video za rap walionekana kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumpiga mwalimu, kukamatwa na kupata magonjwa ya zinaa. Siutegemei utafiti huo. Unaonyesha mambo yanayoandamana, hauonyeshi lipi limezaa lipi, na tena unawaweka wasichana kizimbani kwa picha ambazo hawakuzitengeneza. Hoja ya wanafeministi haihitaji kuthibitisha kwamba mtazamaji ataharibika. Inatosha kwamba aliyepigwa picha ananyonywa.

Mwaka 1975 Laura Mulvey wa Uingereza aliandika kwamba kamera ya sinema imezoea kukaa mahali pa jicho la mwanamume, na mwanamke akapewa kazi ya kutazamwa. Kwetu jambo hili lina historia yake. Kukata mauno si kitu cha kuletewa na MTV. Pwani nzima, kwenye unyago, kiuno ni somo: mwari anafundishwa na kungwi, ngoma inapigwa, wanawake wanacheza mbele ya wanawake wenzao, na wanaume hawakanyagi. Mwimbaji Bi Kidude wa Zanzibar aliifanya kazi hiyo hadi uzeeni, na hakuna aliyewahi kumuona kama mtu wa kudhalilishwa. Ndani ya chumba kile mwili ulikuwa na mwenyewe. Kilichobadilika ni aliyeruhusiwa kuingia. Kamera imefungua mlango kwa mamilioni ya watu wasioalikwa, kisha ikawafuta wanawake waliokuwa wakipiga ngoma na kutoa maana. Kiuno ni kilekile, ila mwalimu hayupo na mwenye shughuli amekuwa mwanamume mwenye miwani myeusi aliyekaa kwenye kochi akimwaga noti.

Na biashara ya muziki wa Kiswahili haikuanza kwa mwili. Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Kufikia 1931 sahani zilizouzwa zinakadiriwa kufika 72,000. Walionunua walinunua sauti ya mtoto wa masikini kutoka Fumba, iliyoimba hadi habari za mwanamke aliyeuawa na za mahakama iliyoshindwa kumtendea haki. Ndiyo maana sikubali nikiambiwa soko letu haliwezi kuuza bila kuvua mtu nguo.

Tukio lililoweka hesabu hii wazi kuliko yote lilitokea Atlanta. Mwaka 2003 rapa wa Marekani, Nelly, alitoa video ya "Tip Drill" ambamo anapitisha kadi ya benki katikati ya makalio ya mchezaji, kama mtu anayelipia bidhaa kwenye mashine dukani. Aprili 2004 taasisi yake ilitaka kwenda chuo cha wanawake weusi cha Spelman kutafuta wachangiaji wa uboho, kwani dada yake Nelly alikuwa na saratani ya damu. Wanafunzi hawakukataa kuchangia. Walitaka msanii akae nao aieleze ile kadi. Taasisi ikafuta safari. Mmoja wa wanafunzi wa wakati ule, Moya Bailey, baadaye ndiye aliyelipa jina chuki maalumu inayomlenga mwanamke mweusi, na maandishi yake leo yanasomeshwa vyuoni. Mwaka 2005 jarida la Essence likaanzisha kampeni ya kuurudisha muziki, ikipinga picha hizo za wanawake weusi, na 2006 kipindi cha usiku wa manane cha BET kilichokuwa kikirusha video za namna hiyo kikafungwa.

Waliomtetea Nelly walisema wale wanawake walikuja wenyewe na walilipwa. Ni jibu lilelile la mahakama ya London ya 1810. Mimi naamini kabisa kwamba mchezaji wa "Tip Drill" alikwenda kwa hiari. Hiari yake haijibu swali la nani alibaki na haki za picha ile, nani anaendelea kulipwa kwayo, na kama alijua tangu asubuhi kwamba kadi itapita pale.

Kwetu, swali hilo halikufikiwa kabisa, kwa sababu serikali zetu zilikimbilia adhabu. Mei 2016 wizara yenye dhamana ya sanaa Tanzania ilifungia video ya "Chura" ya Snura kwa maadili, na kumzuia kufanya maonyesho hadi ajisajili Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Akaomba radhi hadharani. Januari 2021 BASATA ilimtangazia msanii Gigy Money kufungiwa kazi za sanaa miezi sita na faini ya shilingi milioni moja kwa vazi alilolivaa jukwaani Dodoma. Wanaume nao wamefungiwa, na nisiwafiche: Desemba 2018 Diamond na Rayvanny walizuiwa kwa ajili ya wimbo wa "Mwanza". Lakini tazama kosa. Wao walishtakiwa kwa maneno waliyoimba. Snura na Gigy walishtakiwa kwa miili.

Uganda walikwenda mbali kuliko wote. Sheria ya kuzuia ponografia ya Februari 2014 iliweka adhabu ya hadi miaka 10 jela au faini ya hadi shilingi milioni 10 za Uganda, au vyote viwili. Mitaani watu waliipokea kama sheria ya sketi fupi, na wanawake wakavamiwa na kuvuliwa nguo na makundi. Novemba mwaka huo polisi walimkamata Jemimah Kansiime, msichana wa miaka 21 anayejulikana kama Panadol wa Basajja, kwa video ya "Ensolo Yange" ambamo anaoga na kucheza amelowa. Alikaa rumande wiki tano kabla ya kupata dhamana. Meneja wake, mwanamume, alikiri kosa, akatozwa faini ya shilingi 200,000, akaenda zake. Hiyo ni asilimia 2 ya faini ya juu. Kazi ni moja, watu wawili, na bei mbili. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya msingi vya sheria ile, lakini hakuna mahakama inayoweza kumrudishia mtu wiki tano.

Kuna wanaoona dawa ni kuwekea video umri wa watazamaji. Uingereza ilijaribu kuanzia 2014. Katika awamu ya kwanza bodi ya filamu ilipewa video 132, ikazipa 56 alama ya miaka 12, 53 ya miaka 15, na moja tu ya miaka 18. Mpango ulihusu video zilizotengenezwa Uingereza, basi zile kubwa za Marekani zikapita pembeni. Na hata ungefanikiwa, ungemlinda mtoto anayetazama, si binti anayepigwa picha.

Tatizo liko juu ya ngazi, na namba zake zinajulikana. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walichambua nyimbo 600 zilizovuma Marekani kati ya 2012 na 2017. Wanawake walikuwa asilimia 22.4 ya waimbaji, asilimia 12.3 ya watunzi, na katika kundi la nyimbo 300, asilimia 2 tu ya maprodyuza: mwanamke mmoja kwa wanaume 49. Kwetu taja madairekta waliojenga sura ya Bongo Fleva: Adam Juma, Hanscana, Kenny. Wote wanaume, na wote wana vipaji.

Sisemi mwanamke akishika kamera basi kila kitu kimepona. "Blurred Lines" ya 2013, iliyowakera wanawake dunia nzima kwa wasichana waliokuwa vifua wazi na wanaume waliovaa suti, iliongozwa na mwanamke, Diane Martel. Wanafeministi wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 1990 Camille Paglia alimsifu Madonna kama mfeministi wa kweli kwa kuumiliki mwili wake mbele ya kamera. Mwaka 2014 bell hooks alimkosoa Beyoncé kwa ukali mkubwa kwa athari ya picha zake kwa wasichana wadogo. Nikiwasikiliza wote wawili, naona wanazungumzia wanawake wenye uwezo wa kusema hapana. MTV ilipokataa "Justify My Love", Madonna aliiuza kwenye kanda kwa dola 9.98, ikavunja rekodi ya mauzo. Miili yao inabishaniwa, lakini mkataba wanasaini wao. Binti wa bwawani saa nne usiku hana cha kusaini.

Kwa hiyo ombi langu kwa BASATA ni jepesi kulitekeleza kuliko kukagua sketi: kabla ya kusajili kazi, dai mikataba ya wachezaji wote walioonekana ndani yake. Kwa lebo na mameneja: andikeni saa za kazi, sini zote, mavazi yote, malipo na siku ya kulipa, na mseme kama picha zitatumika kwenye mabango na matangazo ya biashara, kwani hiyo ni kazi nyingine na malipo mengine. Jina la mchezaji liwekwe kwenye maelezo ya video, kama lilivyo la prodyuza. Video ikivuka watazamo milioni 10, alipwe tena.

Na wewe dada uliyetumiwa ujumbe jana usiku kwamba kesho kuna kushuti: omba haya yote kwa maandishi kabla hujatoka nyumbani, uliza sini ya mwisho ni ipi na nani anakurudisha. Mtumie ndugu yako nakala. Kama hawataki kuandika, usipande gari.